Taa zimekonyeza tu, mbona mashine zimelala?

Hapa Mwanza ukimuuliza mtu habari za umeme atakuhesabia siku ulizokatika. Zile mara ambazo taa imekonyeza ikarudi hakuna anayezihesabu, na mi ninayeishi kwa kupima umeme viwandani nakwambia hizo ndo zinazonipa kazi nyingi kuliko kukatika kwenyewe.

Kuna mzee mmoja ana kiwanda kidogo cha barafu karibu na ziwa, barafu ya sangara, alinipigia simu amechoka kabisa. Anakuja asubuhi anakuta kompresa zote zimezima, mlinzi anaapa umeme haukukatika, taa ya getini iliwaka usiku kucha, na kila mtu anamuona mlinzi muongo. Kumbe mlinzi yuko sahihi.

Iko hivi. Volti ikishuka chini ya asilimia 90 ya ile inayotakiwa, kwa muda wa kuanzia nusu saikeli mpaka dakika moja, sisi tunaita dipu. Kwa 230 yetu ni chini ya volti 207. Umeme wetu ni hezi 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde, kwa hiyo saikeli moja, yaani wimbi moja, ni milisekunde 20, nusu yake 10, sasa hiyo mita ya mkononi ambayo fundi anachomeka kwenye soketi inabadilisha namba mara mbili tatu kwa sekunde, itaona nini? Haioni kitu. Unahitaji rekoda inayofuata kiwango cha kimataifa cha upimaji, IEC 61000-4-30 daraja A, ambayo inapiga RMS (ndo ile namba ya volti tunayoitaja, kama 230) ya saikeli nzima halafu inarudia hesabu kila nusu saikeli, inaandika volti ilibaki ngapi na ilikaa chini muda gani.

Na mara nyingi kosa wala haliko kwenye laini yako. Radi imepiga laini nyingine au lile ndege kubwa la jalalani limetandaza mbawa likagusa nyaya mbili, shoti iko kwenye fida, yaani laini inayotoka kituoni, ya watu wengine kabisa ila mnatoka kituo kimoja cha kupozea umeme, basi kwa muda wote ule mkondo wa shoti unapita volti ya wote inazama mpaka breka ya fida ile ikate. Wao wanabaki giza. Wewe taa imekonyeza tu, lakini kontakta ya kompresa, ile swichi inayoshikwa na sumaku ya koili yake, imeshaachia, na kwa kawaida ikiachia hairudi yenyewe mpaka mtu abonyeze.

Sasa niseme na aibu yangu. Wiki ya kwanza pale kwa mzee niliunga rekoda fezi kwa nyutro kama nilivyozoea, ikanasa dipu moja ya usiku wa ngurumo, fezi mbili zimebaki na volti kama 133 na ya tatu iko sawa. Nikasema mbona hii si mbaya kihivyo, asilimia 58, kontakta nyingi zinaanza kuachia zikishuka karibu na nusu, labda tatizo liko kwingine. Nikapoteza siku nne nakaza nati kwenye paneli. Siku ya tano ndo nafungua kava naona koili za kontakta ni za volti 400, zimeungwa fezi kwa fezi! Piga hesabu: fezi moja ikigusa ardhi upande wa msongo mkubwa, transfoma yetu ya delta-sta (upande wa juu imeungwa pembetatu, wa chini nyota) inakuletea chini fezi mbili zenye asilimia 58, ila ukipima kati ya hizo mbili unabaki na asilimia 33 tu. Volti 133 kwenye koili ya 400. Inashikaje hiyo? Tangu siku ile kabla sijaunga kitu naangalia kwanza mashine yenyewe imeungwa wapi, maana unapima kile mashine inachokiona, si kile ulichozoea wewe.

Kujua nani kasababisha, angalia umbo. Shoti inashusha volti ghafla na kuirudisha ghafla, kama shimo lililochongwa kwa patasi, na ukiona mashimo mawili matatu yamepangana ujue breka huko ilikuwa inajaribu kujirudisha. Mota kubwa ikiwashwa moja kwa moja inavuta mkondo mara tano mpaka saba, hapo volti inashuka fezi zote sawa halafu inapanda taratibu. Pima na mkondo pia: ukipanda wakati volti inashuka, mara nyingi mchawi yuko ndani kwako.

Halafu ukiwa mwisho wa laini ambako siku zote unapata 205, usiache kipimo kwenye 230 maana rekoda itajaa matukio ya uongo mpaka memori iishe, weka ifuate wastani wa volti ya pale.

Kwa mzee hatukununua kitu kikubwa. Koili tukabadilisha ziwe za 230, saketi ya kontroli tu, ile inayolisha koili, tukaipa UPS ndogo yenye betri, na taima zikawekwa ili kompresa zikirudi ziwake moja moja. Saa ya rekoda tuliilinganisha na GPS, na mlinzi amepewa daftari, akiona taa imekonyeza anaandika saa. Juzi nimelinganisha daftari lake na rekoda: dipu sita, yeye kaandika tano, na ile ya sita anasema alikuwa msalani.