Sala ya Maungamo ni Nini, na Tumaini Linaingia Wapi?

Ukipita Vihiga, magharibi mwa Kenya, siku ya ibada huenda ukakutana na waumini wa African Israel Nineveh, kanzu nyeupe na vilemba, ngoma mbele. Kanisa hilo lilianzishwa na Zakayo Kivuli mwaka 1942, na jina lake limebeba karibu kila kitu ninachotaka kueleza. Nineveh ni Ninawi, ule mji ambao Yona aliutangazia kwamba zimebaki siku 40 uangamizwe. Mfalme akashuka kwenye kiti cha enzi, akavua joho, akavaa gunia, akaketi majivuni. Hata ng'ombe wakafungishwa saumu. Na hakuna aliyekuwa amewaahidi chochote! Mfalme alisema tu: nani ajuaye, huenda Mungu akaghairi.

Shikilia hiyo "huenda".

Sala ya maungamo ni sala ambayo mtu, au kusanyiko zima, hutaja makosa yake mbele za Mungu bila kujitetea, kisha huomba rehema. Wakatoliki wanaijua mwanzoni mwa misa: "Nakuungamia Mungu Mwenyezi, nanyi ndugu zangu", na ngumi inagonga kifua. Kitubio, yaani kuungama faraghani kwa padri, ni sakramenti inayojitegemea. Makanisa ya Kiprotestanti husema zaidi "sala ya toba", na neno toba lilitujia kutoka Kiarabu. Waislamu wanalitumia vilevile.

Maneno haya huchanganywa, ingawa si mapacha. Kukiri ni kukubali kwamba jambo lilitendeka. Hata mshtakiwa mahakamani hukiri kosa, pengine akitarajia kupunguziwa kifungo. Kujuta ni uchungu wa moyoni. Kuungama ni kulitamka kosa kwa kinywa chako mbele ya yule unayemwamini. Kutubu ni kugeuka, kuiacha njia uliyokuwa nayo. Yuda alijuta, Mathayo anasema hivyo waziwazi, akarudisha hata vile vipande 30 vya fedha. Lakini hakuona pa kurudi, akaenda kujinyonga. Petro alimkana Bwana wake mara tatu, akalia kwa uchungu, na siku ya tatu bado yuko na wenzake, anakimbilia kaburini. Ndiyo maana nasema tumaini si sehemu ya pili ya sala hii, inayofuata baada ya kosa kusemwa. Asiyetumaini hana sababu ya kuungama. Kwa nini ujianike kwa mtu unayejua atakufukuza?

Sasa, nyakati zinapokuwa mbaya, sala hii hubadilika kutoka "mimi" kwenda "sisi", na hapo ndipo kazi ilipo. Nehemia, aliposikia kuta za Yerusalemu zimebomoka, alisali: "mimi na nyumba ya baba yangu tumefanya dhambi." Alikuwa mbali, mnyweshaji wa mfalme wa Uajemi huko Shushani, na angeweza kabisa kusema "wao". Sisi tunaijua "wao" vizuri. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, Nakuru na Kisumu ziliwaka, watu zaidi ya 1,100 wakauawa nchini, na uwanja wa maonyesho wa Nakuru ukajaa mahema ya waliofukuzwa makwao. Maombi yalifanywa kila mahali, ila mengi yalikuwa ya kuungama dhambi za kabila la jirani. Februari 2008 Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, lilitamka jambo gumu zaidi: kwamba viongozi wa makanisa wenyewe walikuwa wameegemea pande. Kwangu mimi hayo ndiyo maungamo, kwa sababu yaliwagharimu waliosema.

Wazee wa Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu la Kikristo la toba lililofika Kenya miaka ya 1930 likitokea Rwanda na Uganda, walikuwa na msemo wao: kutembea nuruni. Ukiiba jembe, unasimama mbele ya ndugu, unataja jembe, kisha unalirudisha kwa mwenyewe. Nauona ni uaminifu mkubwa kuliko "tumekosa sana Bwana" ya jumla isiyo na jembe ndani. (Ina hatari yake pia. Sote tumewahi kusikia ushuhuda wa dhambi za zamani ukisimuliwa kwa madaha hadi unajiuliza kama msimulizi bado anazitamani.)

Kosa jingine ni kudhani kwamba kila balaa ni bili ya dhambi. Mto Nzoia unapovunja kingo na kuifunika Budalang'i, hakosekani wa kusema watu wa huko wamemkasirisha Mungu, ilhali mto unateremsha maji ya Cherangani na Mlima Elgon kwenye nyanda za chini. Yesu aliletewa habari inayofanana, akataja wale 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu: hawakuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Aliyepoteza nyumba haombwi atubu kwa sababu ya mafuriko. Akitaka kusali, kuna maombolezo, na hayo ni sala nyingine kabisa. Kitabu cha Maombolezo kinazilia nyumba zilizoungua kwanza, na katikati ya kilio, sura ya tatu, ndipo linapotokea neno kwamba rehema za Bwana hazikomi, "ni mpya kila siku asubuhi".

Na Yona? Ninawi iliposamehewa, yeye ndiye aliyekasirika. Alitoka nje ya mji akajijengea kibanda, akakaa kutazama yatakayoupata, maana aliwajua watu wale na walichostahili. Mungu akamuuliza: nisiuhurumie mji wenye watu zaidi ya 120,000, na wanyama wengi pia? Kitabu kinaishia kwenye swali hilo; jibu la Yona halikuandikwa.