Ukiandika Chang'ombe, kitabu cha anwani kinanyamaza

Wiki iliyopita niliitwa kwenye ofisi moja hapa Dodoma. Katibu muhtasi, mama wa makamo, aliitikia shikamoo yangu nusunusu, kisha akaanza: "Mwanangu, hii kompyuta ina roho mbaya. Anwani za kata zote nimeziingiza kwa mkono wangu, leo inaniambia hazipo."

Nikavuta kiti. Ofisi ile inatumia Thunderbird, programu ya barua pepe yenye kitabu cha anwani ndani yake. Nikaandika Makole, ikaja. Nzuguni, ikaja. Chang'ombe, kimya. Ng'hong'honha, kimya vilevile. Nikafuta, nikaandika "Chang" peke yake, nikaacha hapo. Chang'ombe ikajitokeza hiyo hapo, na anwani yake kamili.

Mchawi alikuwa ritifaa, ile alama ndogo inayokaa juu baada ya ng. Mama aliandika orodha yake kwenye Word, na Word ina tabia ya kupamba: ukibonyeza ritifaa ya kawaida, iliyonyooka kama msumari, yenyewe inaigeuza kuwa iliyopinda, mithili ya mkato ulioning'inia juu. Kwa jicho ni kitu kilekile. Kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti, kama a na e. Orodha ikahamishiwa Excel, ikaingizwa Thunderbird, na alama zake zilizopinda zikaingia nazo. Sasa mama akitafuta anabonyeza kibodi, kibodi inatoa msumari, programu inalinganisha herufi kwa herufi na kujibu kwa haki kabisa kwamba jina hilo haina. Wenye simu za iPhone hukutana na kinyume chake: simu ndiyo inayopinda, na kitabu ndicho kilichonyooka.

Waliotengeneza programu hizi sidhani kama waliwahi kuwaza lugha ambayo ng' ni sauti kamili na si pambo. Sisi tunayo kila mahali, kwenye majina ya watu na ya vijiji. Ndiyo maana kipimo changu cha kwanza siku hizi ni kuandika herufi chache za mwanzo na kusimama kabla ya ritifaa. Jina likija, ugonjwa umeshaujua.

Dawa yake: hamisha kitabu chote kiwe faili la CSV, yaani orodha ya maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato, lifungue kwa Notepad, bonyeza Ctrl na H. Kisanduku cha juu bandika ile iliyopinda uliyoinakili kwenye faili lenyewe, cha chini andika iliyonyooka, kisha badilisha zote kwa mpigo. Unapohifadhi chagua UTF-8, la sivyo herufi zisizo za kawaida zitageuka vialmasi vyenye alama ya kuuliza. Halafu ondoa kitabu cha zamani kabla ya kuingiza kipya. Mimi nilisahau hilo, na kila kata ikatokea mara mbili. Mama akacheka, akaniuliza kama na mimi nina roho mbaya.

Hayo ni ya kitabu kilichomo ndani ya kompyuta. Ofisi nyingi zina kingine kilichoko kwenye seva, kinachoulizwa kwa LDAP, lugha ambayo kompyuta hutumia kutafuta majina kwenye seva, na hapo watu huchanganya mambo. Kwanza, ukikifungua utakiona kitupu. Ndivyo kilivyo, hakionyeshi kitu mpaka uulize. Pili, kinaweza kujibu vizuri kwenye dirisha la kitabu halafu kikanyamaza unapoandika barua, kwa sababu kule kuna ruhusa yake ya pembeni: ingia kwenye mipangilio, tafuta "Addressing", uweke alama kwenye seva yako.

Kinapogoma kabisa, uliza kwanza kama hakikulipata jina au hakikufika kwenye seva. Namba ya kosa husaidia. 32 maana yake tawi, yaani sehemu ya kitabu uliyoitaja kwenye mipangilio, halipo kwenye seva, mara nyingi ni kosa la kuandika tu. 49 ni jina au nenosiri. 4 ni majibu kuzidi kikomo, kwa hiyo andika herufi zaidi.

Kosa lililowahi kunitoa jasho, hata hivyo, halikuwa na namba ya maana. Kompyuta moja, kongwe, ilikuwa inapokea barua vizuri tu lakini kitabu cha seva haikigusi. Nilibadilisha kila kitu hadi saa nane mchana. Kisha nikatupa jicho kwenye kona ya chini ya skrini: mwaka 2012. Betri ya ubao mkuu, ile ya duara ya CR2032, ilikuwa imekufa, na kila asubuhi mashine ikiamka inaanza kuhesabu upya. Kitabu kilipitia mlango wa mtandao (port) wa 636, unaodai cheti cha usalama, na kwa saa ile cheti kilikuwa bado hakijazaliwa. Barua zilipita mlango wa 143, wazi, bila kuulizwa chochote (nao tuliufunga siku hiyohiyo). Kivinjari kilikuwa kikilalamika kila siku, ila mwenyewe alishazoea kubonyeza endelea.

Faili la kile kitabu cha ndani ya kompyuta kuharibika hutokea, hasa umeme ukikatika ghafla, lakini si mara nyingi kama watu wanavyodhani. Tangu toleo la 78 la Thunderbird, la mwaka 2020, faili linaitwa abook.sqlite, limo kwenye folda ya wasifu wako. Funga programu, linakili pembeni, ndipo uguse.

Na kwa wanaosafiri: seva nyingi za anwani hujibu ndani ya mtandao wa ofisi tu. Ukipanda SGR kwenda Dar na laptopu yako, kitabu unakiacha stesheni. Fungua sifa za seva hiyo, sehemu ya "Offline", bonyeza "Download Now", na nakala itashuka kwako. Fanya hivyo ukiwa bado mezani, si ukiwa umeshakaa kwenye behewa.