Kanoni iventi ni nini hasa, na kwa nini Miguel O'Hara sio adui

Mtu kaachwa na demu wake, anaandika "ni kanoni iventi (canon event) hiyo, siwezi kuingilia". Mdogo wake anataka kujinyoa mwenyewe kwa mashine ya kuazima usiku wa kuamkia harusi, anaulizwa mbona humkatazi, anajibu hivyohivyo. Tunacheka tunapita. Ila nimegundua wengi wanaolitumia hili neno hata muvi lilikotoka hawajaiona, wanadhani ni namna ya kisasa tu ya kusema "imeandikwa" au "ndo mapito ya dunia", na wale walioiona nao wanakesha wanabishana kama Miguel, mmoja wa Spider-Man wa humo, ni adui au ni steringi, wakati jibu la swali la pili limekaa ndani ya swali la kwanza. Ngoja nieleze taratibu. Na kama hujaiona Spider-Man: Across the Spider-Verse ya 2023 basi ishia hapahapa maana namwaga kila kitu.

Tuanze na neno lenyewe. Kanoni sio mgeni kwetu, ni ndugu wa damu wa "kanuni". Wagiriki walikuwa na neno kanon, fimbo iliyonyooka ya kupimia, Waarabu wakalichukua likawa qanun, sisi tukalipata kwa Waarabu likawa kanuni. Upande wa pili neno hilohilo likaingia kanisani, likawa la kuitia orodha ya vitabu vinavyokubalika kuwa Biblia na kuviacha nje vile visivyokubalika. Mashabiki wa hadithi wakalitoa huko, wa komiki wakiwemo. Kwao kanoni ni yale mambo yanayohesabika kuwa yametokea kweli ndani ya hadithi, tofauti na yale ambayo mashabiki wamejitungia wenyewe usiku kwa sababu hawakupenda mwisho.

Sasa kwa Spider-Man kuna misiba ambayo kila anayeisimulia upya anairudia. Anko Ben anauawa, hiyo ni toka komiki ya kwanza kabisa ya 1962. Kapteni George Stacy wa polisi anakufa 1970 akimsukuma mtoto asiangukiwe na kifusi. Binti yake Gwen anakufa 1973. Waandishi wamebadilika, wachoraji wamebadilika, dunia zimebadilika, misiba iko palepale, mpaka shabiki ukiona tu polisi mwenye roho nzuri anakaribia kupandishwa cheo unaanza kumwombea.

Kilichofanywa na hii muvi, na hapa ndo nawavulia kofia, ni kuyachukua mazoea ya waandishi na kuyageuza kuwa sheria ya maumbile. Humo ndani kuna dunia nyingi, kila moja na Spider-Man wake, na kuna mzee mmoja, Miguel O'Hara, Spider-Man wa miaka ya mbele huko Nueva York, aliyewakusanya mamia yao awe kama mkuu wao. Anachowafundisha ni kwamba ile misiba sio bahati mbaya, ni nguzo, kila Spider-Man lazima aipitie, na ukizuia mmoja usitokee basi dunia yako yote inafumuka kama sweta lililovutwa uzi. Hizo nguzo ndo kanoni iventi. Kwa hiyo maana yake kamili sio "jambo baya linalompata kila mtu". Ni msiba ambao umeambiwa una uwezo wa kuuzuia, na umeambiwa usiuzuie. Demu kukuacha sio kanoni iventi kaka, ungekuwa na uwezo wa kuzuia ungezuia.

Anayeambiwa ni Miles Morales, kijana wa Brooklyn. Baba yake Jefferson ni polisi na karibu anakuwa kapteni, unaelewa maana yake. Miguel anamwambia baba yako atakufa, na wewe utakaa pembeni utazame. Dogo anakataa, anakimbia, Spider-Man wote jengo zima wanamfukuza.

Na hapa ndo ubishi unapoanzia. Kundi moja linasema Miguel ni adui, mtu gani anamkaba mtoto juu ya treni anamwambia wewe ulikuwa kosa toka mwanzo. Kundi la pili linasema anaokoa mabilioni kwa kumpoteza mmoja, hesabu iko wazi. Mi naona yote mawili yanatokana na malezi yetu ya kibanda umiza. Sisi tumekua tukijua muvi ina watu wawili, steringi na adui, na steringi hafi. Miguel hakai kwenye kiti chochote kati ya hivyo viwili, kwa hiyo tunamlazimisha.

Kiti chake kipo na kina jina: shujaa wa tanzia. Tanzia hapa sio lile tangazo linalorushwa kwenye grupu la ukoo likakutoa usingizini, ingawa neno ni hilohilo. Ni aina ya mchezo, wale mliosoma fasihi mnakumbuka, ambao mtu mkubwa anaporomoka kwa mkono wake mwenyewe. Aristotle alishalisema zamani sana: mtu huyo asiwe malaika maana akianguka tutaona uonevu tu, asiwe shetani maana tutafurahi, awe wa katikati, anayeporomoka kwa kukosea, na neno alilotumia la kukosea ndo lilelile walilolisema kwa mshale uliokosa shabaha. Mtupaji alilenga vizuri kabisa. Mshale ndo haukufika.

Miguel alilenga nini? Familia. Aligundua dunia nyingine ambayo yeye wa huko alikuwa na binti, Gabriella, na maisha ya furaha, kisha yule Miguel wa huko akauawa. Huyu wa kwetu akahamia, akavaa maisha ya marehemu, akawa baba wa yule mtoto. Haikuchukua muda ile dunia ikaanza kufumuka na mtoto akapotea akiwa mikononi mwake. Hebu jiulize, mtu aliyepitia hiyo utamwambia nini. Kutoka kwenye huo msiba ndo akatoa kanuni yake, na kanuni ikawa dini, na dini ikapata waumini mamia wenye nguvu za buibui.

Hapo mi huwa namkumbuka Kinjeketile, yule wa kwenye tamthilia ya Ebrahim Hussein ya 1969. Kuna sehemu anatambua kwamba mtu anaweza kuzaa neno, neno likakua likamzidi aliyelizaa mpaka likamwangusha. Kwake neno lilikuwa maji, yale ya dawa walioambiwa yatawakinga na risasi. Kwa Miguel neno ni kanoni. Tofauti ni kwamba Kinjeketile alifika mahali akaona, ndo maana inauma vile, anajua na bado hawezi kulifuta kwa sababu ya watoto watakaokuja kuambiwa wazee wao walipigania uongo. Miguel mpaka muvi inaisha hajaona chochote. Kwa hiyo mi namwita nusu tanzia. Kosa lipo, ukubwa upo, huzuni ipo tele, ila ile saa ya kufumbuka macho bado, na bila hiyo saa mtu anabaki kuwa mbishi tu mwenye machozi.

Swali linalofuata watu wanaliogopa: je alikosea kweli? Kama kanuni yake ni ya kweli basi hana kosa, ana kazi mbaya tu. Ndo maana nasema maswali mawili ni moja.

Angalia ushahidi wake. Mfano wake mkuu ni dunia ya Gabriella, lakini pale hakuzuia msiba wowote! Alihamia tu. Hakuna kapteni aliyeokolewa, hakuna anko aliyefufuka, ni mgeni aliyejifanya mwenyeji. Sa hiyo inathibitishaje kwamba ukimwokoa baba yako dunia inafumuka? Ushahidi wa pili ni kule Mumbattan kwa Pavitr, Spider-Man wa Kihindi, Miles anamwokoa Inspekta Singh, polisi wa huko ambaye kanoni ilitaka afe, na muda si mrefu shimo jeusi linafunguka chini ya mji. Wafuasi wa Miguel wanakomalia hapo. Sawa, lakini dakika chache kabla, Spot, yule adui wa madoa anayefungua mashimo, ndo katoka kujichaji kwenye mtambo wa kampuni ya Alchemax katikati ya mji huohuo na kulipua jengo. Mtu kachoma nyumba halafu unamlaumu aliyemtoa mtoto ndani kwamba ndo kaleta moto. Sisemi ni hakika Spot ndo kasababisha, nasema Miguel hata hakuangalia upande huo, na mtu asiyeangalia upande wa pili mara nyingi anajua atakachokiona.

Halafu kuna baba yake Gwen, sio yule wa komiki aliyekufa, ni Gwen wa dunia nyingine ambako yuko hai na ndo mwenye nguvu za buibui. Huyu ndo amenimaliza kabisa. George Stacy, kapteni, kanoni inasema lazima afe. Gwen anarudi nyumbani, wanagombana, wanalia, rangi za ukutani zinabadilika kadri mioyo yao inavyolainika (dunia ya Gwen imepakwa kama picha ya rangi za maji, mtu aliyewaza hivyo apewe ng'ombe), halafu mzee anamwambia mi kazi nimeacha. Basi. Hakuna vita, hakuna mashine, mtu kaacha kazi ya polisi kwa sababu anampenda mwanae, na ghafla hakuna kapteni wa kufa. Na dunia imesimama. Mamia ya Spider-Man na akili zao zote hakuna aliyewahi kuwaza kumwambia mzee aombe kustaafu.

Sasa rudi kwenye lile neno unavyolitumia kwenye status. Ukisema "ni kanoni iventi siwezi kuingilia" unajiweka kwenye kiti cha Miguel, sio cha Miles. Muvi nzima iko upande wa anayeingilia. Sijui ilikuwaje tukalibeba neno la anayekosea tukalifanya hekima yetu, labda kwa sababu lina raha yake, linakupumzisha.

Kuna jamaa ataniambia subiri, Miles ni dosari, buibui aliyemng'ata alitoka dunia nyingine, namba 42, so kwake sheria ni tofauti. Vizuri, twende huko 42. Ile dunia ilinyang'anywa buibui wake, haikuwahi kupata Spider-Man, yaani kanoni yote kuanzia mstari wa kwanza haikutokea. Miles anatua kule mwishoni anakuta mji umeoza, baba yake wa huko ni marehemu, anko Aaron, aliyekufa kwao, huku ni mzima, na yeye wa huko kasuka nywele na ndo Prowler, mhalifu wa kuvaa barakoa. Ni pabaya. Lakini majengo yamesimama, magari yanapita, watu wapo. Miguel ukimuuliza mbona hapajafumuka najua atajibu muda wake haujafika.