Ongezeko la watu kaskazini mwa Kenya: pima namba kabla ya kuinukuu

Sensa ya 1999 ilihesabu watu 250,372 Mandera. Ya 2009 ikapata 1,025,756. Ya 2019 ikarudi hadi 867,457. Kila mara namba hizi zinapotajwa, mmoja huandika kwamba kaskazini watu wanazaana kupita kiasi, mwingine huandika kwamba ukame umewafukuza. Mimi sikubaliani na yeyote kati yao. Ongezeko linaloonekana kwenye jedwali ni mchanganyiko wa mambo manne: uzazi, uhamaji, mipaka iliyosogezwa, na jinsi watu walivyohesabiwa. Usipoyatenganisha, namba haikuambii chochote. Na kuyatenganisha hakuhitaji kompyuta kubwa. Kikokotoo cha simu chenye kitufe cha «ln» (logariti asilia) kinatosha.

Anza na kasi. Gawanya idadi mpya kwa idadi ya zamani, bonyeza «ln», gawanya kwa miaka iliyopita kati ya sensa mbili, kisha zidisha kwa 100. Mandera 1999 hadi 2009 inatoa asilimia 14.1 kwa mwaka. Sasa ilinganishe na dari ya maumbile. Jamii yenye uzazi wa juu sana huzaa watoto 45 hadi 50 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka, na vifo vikiwa 8 hadi 10, inabaki asilimia 3.5 hadi 4.2. Kinachozidi hapo hakikutoka tumboni mwa mama. Kwa asilimia 4, watu 250,372 wangefika takriban 373,500 mwaka 2009, si milioni moja. Turkana kipindi hicho hicho ilitoka 450,860 hadi 855,399, yaani asilimia 6.4 kwa mwaka: si kichekesho kama Mandera, lakini bado iko juu ya dari.

Serikali iliona hesabu hiyo hiyo. Matokeo yalipotangazwa Agosti 2010, wilaya nane ziliwekwa kando: Lagdera, Wajir East, Mandera Central, Mandera East, Mandera West, Turkana Central, Turkana North na Turkana South. Sababu zilizotolewa zilikuwa za kitaalamu: kasi isiyoelezeka kwa uzazi na vifo, kaya zilizovimba, na mpangilio wa umri na jinsia usiofanana na jamii ya kawaida. Suala likaishia mahakamani, na mpaka leo namba za 2009 zinatumika kama vile hazikuwahi kutiliwa shaka.

Wengi huishia kwenye kasi. Kipimo ninachokiamini zaidi ni uwiano wa jinsia, kwa sababu anayeongeza majina kwenye fomu mara chache hukumbuka kuyagawanya sawasawa. Chukua wanaume, gawanya kwa wanawake, zidisha kwa 100. Mandera 2009: wanaume 559,943, wanawake 465,813, uwiano 120. Mandera 2019: wanaume 434,976, wanawake 432,444, uwiano 101. Angalia sasa nani «alipotea» katikati. Wanaume walipungua 124,967. Wanawake walipungua 33,369 tu. Karibu asilimia 79 ya upungufu ni wanaume. Ukame haufanyi hivyo. Familia iliyopoteza ng'ombe huhama na mama na watoto, na ikihamia mjini Mandera, Elwak au Rhamu haijatoka kaunti.

Kinachofanya hivyo ni jibu moja ambalo karani wa sensa hana njia ya kulihakiki: «vijana wako fora na mifugo». Fora ni kambi ya malisho ya mbali; kijana anaweza kuwa huko kweli, na anaweza kuwa hayupo popote. Sensa ya Kenya humhesabu mtu pale alipolala usiku wa sensa (24 kuamkia 25 Agosti, mwaka 2009 na 2019 pia). Kwa hiyo aliyeko fora anapaswa kuhesabiwa fora. Akitajwa na mzee nyumbani na akahesabiwa tena kisimani, amekuwa watu wawili. Mwaka 2019 makarani walitumia vishikwambi badala ya karatasi, na hiyo peke yake inafanya kuongeza kaya hewa kuwa kazi ngumu zaidi.

Msije mkadhani 2019 ilimaliza tatizo. Mwaka huo Garissa ilitoa wanaume 458,975 kwa wanawake 382,344, uwiano 120, Wajir 114, Marsabit 113, Turkana 107. Nchi nzima ni 98. Sehemu ya pengo hilo ni ya kweli au ni kasoro ya zamani ya kuhesabu: wasichana walioolewa karibuni husahaulika nyumbani kwa baba na bado hawajatajwa kwa mume, na kuna askari, wafanyakazi na wachuuzi ambao wengi wao ni wanaume. Lakini 120 haijazwi na askari. Januari 2025 Mahakama Kuu Garissa ilifuta matokeo ya 2019 ya Mandera, Wajir na Garissa na kuagiza watu wahesabiwe upya. Walalamishi walidai kaunti hizo zilipunguziwa watu, si kuongezewa.

Na hoja yao si ya kupuuzwa, ukigeuza hesabu kinyume. Chukua 867,457 ya 2019 na uirudishe nyuma miaka 20 kwa asilimia 4: unapata takriban 389,800 mwaka 1999. Sensa ya 1999 ilipata 250,372. Ikiwa namba ya 2019 ni sahihi na hapakuwa na wahamiaji wengi kutoka Somalia na Ethiopia, basi 1999 iliacha zaidi ya theluthi ya watu. Hilo linawezekana kabisa mahali ambapo karani alitembea kwa miguu kutoka kisima hadi kisima. Kwa maoni yangu msingi wa 1999 ulikuwa mdogo mno, wa 2009 mkubwa mno, na ongezeko halisi liko katikati, karibu na dari ya asilimia 4. Kwa kasi hiyo watu huongezeka maradufu kila miaka 17 au 18, na hilo peke yake ni jambo zito.

Kuna mtego mwingine, wa mipaka, ambao hunasa hata watu makini. Marsabit ya 1999 inaandikwa 121,478, ya 2009 ni 291,166. Ukikokotoa unapata asilimia 8.7 na unaanza kushuku udanganyifu. Lakini Moyale mwaka 1999 ilikuwa wilaya yake yenye watu takriban 53,000, na leo iko ndani ya Kaunti ya Marsabit. Iongeze, na kasi inashuka hadi kama asilimia 5. Bado iko juu, ila ni ugonjwa mwingine kabisa. Kabla ya kulinganisha miaka, hakikisha unalinganisha ardhi ile ile.

Umri nao unasema mengi. Watu wasio na cheti cha kuzaliwa hutaja 30, 40, 50. Jumlisha wenye umri unaoishia na 0 au 5 kuanzia 25 hadi 60, gawanya kwa wote wa miaka 23 hadi 62, zidisha kwa 500. Jibu likiwa 100, hakuna aliyekadiria. Likipita 175, umri ni wa kubahatisha na usichore piramidi ya mwaka mmoja mmoja, tumia makundi ya miaka mitano au kumi. Dawa yake ni kalenda ya matukio ya mahali hapo. Pembeni mwa Ziwa Turkana uliza kama mtu aliliona jua likipatwa tarehe 30 Juni 1973; kwa watoto, kupatwa kwa 3 Novemba 2013. Wajir hakuna asiyejua mauaji ya Wagalla, Februari 1984. Garissa tumia mafuriko ya El Niño ya 1997. Kalenda ya Nairobi huku haifai kitu.

Uzazi wenyewe ni wa juu kweli, hilo halina ubishi. Utafiti wa kitaifa wa afya na uzazi wa 2022 ulipata wastani wa watoto 7.7 kwa mwanamke Mandera, 6.8 Wajir na 6.3 Marsabit, huku wastani wa nchi ukiwa 3.4. Kaya ya Mandera mwaka 2019 ilikuwa na watu 6.9, ya Kenya nzima 3.9. Pengo hili ndilo linalobadilisha sura ya Kenya polepole: mikoa ya kati inazeeka, kaskazini ina watoto.

Mbona basi mtu aongeze majina ilhali uzazi upo? Fedha na viti. Fomula ya kwanza ya mgao wa kaunti iliipa idadi ya watu uzito wa asilimia 45. Ile iliyopitishwa 2020 iliushusha hadi 18. Maeneobunge ni 290, kwa hiyo kipimo cha wastani kwa sensa ya 2019 ni watu 164,015. Katiba inaruhusu maeneo yenye watu wachache kupungua kwa asilimia 40, yaani hadi 98,409. Mandera ina viti 6. Kwa wastani kamili inastahili 5.3, kwa kiwango cha chini ingeweza kudai hata 8. Chifu na mbunge wanaijua hesabu hii vizuri kuliko karani.

Kwa anayepanga zahanati au shule, usitumie msongamano wa kaunti. Marsabit ina watu 6 kwa kilomita ya mraba, North Horr 2, lakini hakuna anayeishi kwenye wastani huo: watu wako kando ya visima, silanga (mabwawa ya maji ya mvua) na barabara ya Isiolo hadi Moyale, na katikati hakuna mtu kwa kilomita nyingi. Panga kwa kituo cha maji. Hesabu paa kwenye picha za setilaiti mwezi wa kiangazi na tena baada ya mvua, kwa sababu manyatta huhama.

Kipimo cha pili cha mkononi ni chanjo ya polio ya nyumba kwa nyumba. Katika jamii yenye uzazi kama huu, watoto chini ya miaka 5 ni karibu asilimia 17, kwa hiyo watoto 100 waliotiwa alama kidoleni wanaashiria watu kama 590. Kituo kikiripoti kuchanja asilimia 130, usimkaripie muuguzi kwanza. Ama idadi ya watu aliyopewa ni ndogo, ama akina mama wanavuka mpaka kutoka Bula Hawa, mji wa Somalia, na watoto wao. Mwombe daftari lenye majina ya vijiji, utajua ni lipi kati ya hayo mawili.