Wati 400 za poli na wati 400 za mono: tofauti iko wapi?

Chukua paneli mbili za sola, zote zimeandikwa wati 400, moja ya seli za polikristalini na nyingine ya monokristalini. Kiwandani zote hutoa wati 400, kwa sababu zimepimwa kwa hali ileile: mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba na seli ikiwa kwenye nyuzi joto 25. Ufanisi wa asilimia 17 au 22 unaotajwa dukani unakuambia ukubwa wa paneli tu. Ya asilimia 17 itataka mita za mraba 2.35 na ya asilimia 22 itataka 1.82. Mwenye paa pana hana haja ya kuulipia sana ufanisi huo.

Tofauti inaanza jua likishakuwa kali. Seli iliyo juu ya paa hufika nyuzi 60 au 65 bila shida, na silikoni ikipata joto volti hushuka, wati nazo zinafuata. Kwenye karatasi ya vipimo ya paneli tafuta kigezo cha joto cha wati. Kwa kawaida poli hupoteza kama asilimia 0.40 kwa kila nyuzi moja, na aina tatu za mono, ambazo nitazieleza hapa chini, hupoteza hivi: PERC 0.35, TOPCon 0.30, na HJT 0.25. Seli ikifika nyuzi 65 imezidi kipimo kwa nyuzi 40, kwa hiyo zile wati 400 zinabaki 336 kwa poli, 344 kwa PERC, 352 kwa TOPCon na 360 kwa HJT.

Kwa nini zinatofautiana, wakati zote ni silikoni? Mwanga huzikwanyua elektroni, na elektroni hizo zisipowahi kutoka hunaswa kwenye kasoro na kupotea. Silikoni ya poli huyeyushwa kwa zaidi ya nyuzi 1,414, kisha huachwa igande ndani ya chombo cha mraba. Hapo hutokea fuwele nyingi ndogondogo, na mipaka kati yake ndiyo mitego. Mono huvutwa polepole kutoka kwenye silikoni iliyoyeyuka, ikatoka mche mmoja wa mviringo wenye fuwele moja. Seli nyingi za mono zina pembe zilizokatwa kwa sababu ya mviringo huo. Mitego inayobaki iko kwenye nyuso za seli. PERC huufunika uso wa nyuma kwa utando wa kuhami. TOPCon huweka nyuma oksidi nyembamba ya kama nanomita 1.5 pamoja na tabaka la silikoni inayopitisha umeme. HJT huzifunika nyuso zote mbili kwa silikoni ya amofasi, yaani isiyo na fuwele. Mitego ikipungua, volti ya seli hupanda, kutoka kama 0.63 kwa poli hadi zaidi ya 0.73 kwa HJT, na volti iliyo juu huumizwa kidogo na joto. Ufanisi na uvumilivu wa joto vina chanzo kimoja.

Kuna hasara nyingine ambayo wauzaji huiruka. Silikoni iliyotiwa boroni, ikipigwa jua mara ya kwanza, hupoteza asilimia moja hadi tatu, kwa kuwa boroni huungana na oksijeni iliyomo ndani na kuunda mitego mipya. Iliyotiwa galiamu haina tatizo hilo, wala ya fosforasi, ambayo ndiyo hutumika kwenye TOPCon na HJT. Hata hivyo hizi mbili haziupendi unyevu. Mimi ningezichukua zikiwa na kioo mbele na nyuma.

Paneli za amofasi tupu nitazipita haraka: ufanisi ni asilimia 6 hadi 8, na hushuka sana miezi ya mwanzo. Kwa kikokotoo zinatosha.

Usidanganywe kwamba mono inafanya kazi kivulini. Seli zimeungwa kwa mfululizo, kwa hiyo seli moja ikifunikwa huzibana zote za mkondo wake hadi dayodi ya pembeni iupitishe umeme kando ya sehemu hiyo. Aina ya silikoni haibadilishi hilo.

Kabla ya kuunga paneli kwa mfululizo, hesabu volti za asubuhi ya baridi. Paneli ya volti 50 zisizo na mzigo (ikiwa haijaunganishwa na kitu), yenye kigezo cha volti cha asilimia 0.25 kwa kila nyuzi, hufika 52.5 kwenye nyuzi 5. Nne zinakuwa volti 210, na chaji kontrola (kifaa kinachodhibiti uchajishaji wa betri) yenye kikomo cha 200 inaungua.

Na ukienda kununua, beba futi. Pima urefu na upana wa paneli, kisha gawa wati zilizoandikwa kwa eneo hilo. Ukipata wati 300 kwa mita moja ya mraba, yaani ufanisi wa asilimia 30, lebo ni ya uongo: kikomo cha kinadharia cha silikoni peke yake ni kama asilimia 29.4, na paneli bora za madukani hukaribia 25 tu.