Kwa nini laptopu nyembamba huanza gemu kwa kasi kisha huishiwa pumzi?

Dakika tano za mwanzo gemu inateleza. Ikifika dakika ya ishirini picha zinakwama, feni zinalia, na bati lililo juu ya kibodi haligusiki. Hakuna kilichoharibika. Chipu ya grafiki imejipunguzia kasi kwa sababu joto linazalishwa haraka kuliko linavyotoka.

Karibu umeme wote unaoingia kwenye chipu huishia kuwa joto. Joto hilo huvuka pesti (krimu inayopakwa juu ya chipu ili kupitisha joto), huingia kwenye mabomba ya shaba, kisha hufika kwenye mapezi membamba ambako feni hulipuliza nje. Mwanzoni shaba ingali baridi, kwa hiyo hulimeza. Ikishashiba, tegemeo ni feni peke yake, na ndani ya laptopu nyembamba feni ni ndogo na mapezi ni mafupi. Tena prosesa na chipu ya grafiki mara nyingi hulala kwenye mabomba yaleyale, hivyo mmoja akichemka humchemsha na mwenzake.

Ndiyo maana jina la chipu halitoshi. RTX 4060 ya laptopu, chipu ya grafiki ya Nvidia, inaweza kuwekewa na mtengenezaji kikomo chochote kati ya wati 35 na 115. Jina ni moja, kasi ni mbalimbali. Ukinunua, ulizia wati kwanza.

Habari njema ni kwamba umeme unaotumika hufuata kasi ya mapigo (mara ngapi chipu hupiga hatua kwa sekunde) mara volti, na volti hiyo huzidishwa kwa yenyewe. Shusha volti kutoka 0.95 hadi 0.80 na mapigo kwa asilimia 10, na matumizi ya umeme hupungua kwa zaidi ya theluthi. Wati za mwisho ndizo ghali kuliko zote: joto jingi, fremu (picha zinazochorwa kila sekunde) chache.

Anza na lililo rahisi, yaani kikomo cha fremu. Cheza dakika ishirini, angalia ni fremu ngapi kwa sekunde zinabaki bila kuyumba, kisha funga hapo. Fremu 60 zilizotulia zinapendeza kuliko 90 zinazorukaruka. Halafu mtulize prosesa: kwenye Windows, ndani ya mipangilio ya nishati, weka kiwango cha juu cha prosesa kuwa asilimia 99. Kwa kawaida hapo huacha kujiongezea kasi, na nafasi ya joto aliyokuwa akiila huachiwa grafiki. Gemu zinazomtegemea sana prosesa zitapungua kasi. Kwa hizo rudisha 100.

Kushusha volti hufanyika kwa programu ya MSI Afterburner, iwapo mtengenezaji hajaifunga nafasi hiyo. Bonyeza Ctrl na F ili ufungue mchoro wa volti na mapigo, chagua nukta ya milivolti 850, ipandishe hadi mapigo unayoyataka, kisha laza mstari wote unaofuata. Ukiwa mroho, gemu itajifunga au skrini itazima. Punguza mapigo kwa megahezi 15 na ujaribu tena. Usiruhusu mpangilio ujiwashe na kompyuta kabla ya siku kadhaa za majaribio.

Inua sehemu ya nyuma sentimita mbili au tatu, maana matundu ya hewa yako chini. Kitandani godoro huyaziba, na hapo hakuna mpangilio utakaokuokoa. Ikiwa joto limepanda ghafla kuliko mwaka jana, fungua mfuniko: mara nyingi utakuta zulia la vumbi kati ya feni na mapezi. Ukilipuliza, zuia panga za feni kwa kidole zisizunguke.