Ukitoa kwenye meza ya kwanza, faili lako limeshawekwa alama

Wiki hii nimepigiwa simu na watu watatu tofauti na swali lao lilikuwa moja, kibali cha biashara kimekwama, afisa kasema "tuongee vizuri", sasa nitoe rushwa au nisitoe? Kazi yangu ni kufuatilia vibali, leseni, usajili, ukaguzi wa maeneo, zaidi ya miaka kumi sasa nashinda na mafaili ya watu, kwa hiyo acha niliandike hapa mara moja.

Usitoe. Na sababu ninayoanza nayo siyo dhambi wala sheria (zipo, tutafika), ni kwamba kile unachodhani unanunua huuziwi. Wewe unajua unanunua haraka. Sasa jiulize huo ucheleweshaji umetoka wapi, maana mara nyingi fomu yako haina shida na foleni hakuna, kuna mtu tu amelikalia faili mpaka "uelewe". Yaani kuchelewa ndo bidhaa yenyewe, na ukishailipia, kwa nini aache kuitengeneza?

Hili nimeliona kwa macho yangu. Mteja wangu mmoja alitoa "ya chai" kwenye meza ya kwanza bila kuniambia. Nilivyokuja kufuatilia nikaona juu ya jalada, kona ya kulia, kuna alama ndogo ya penseli kama mkia wa koma, sikuijali. Meza ya pili wakasema ramani haieleweki, ya tatu sahihi hazifanani, ya nne mkubwa yuko kikaoni, na kila meza niliyofika jicho la afisa lilikuwa linaenda kwenye ile kona kwanza kabla hajafungua hata ukurasa mmoja. Siku ileile nilikuwa nimepeleka mafaili mengine mawili ya wateja ambao hawakutoa kitu. Hayakuwa na alama, yalitembea polepole ila yalitembea, na yote mawili yalitoka kabla ya lile lililolipiwa. Nilimwonea huruma sana yule mama, alitoa akiba yake akidhani anajisaidia.

Na siyo mimi tu ninayesema. Mwaka 1999 wachumi Daniel Kaufmann na Shang-Jin Wei walichambua majibu ya makampuni ya nchi nyingi, wakakuta makampuni yanayolipa rushwa zaidi ndo yanayopoteza muda mwingi zaidi kuhangaika na maafisa wa serikali. Muda unaongezeka, haupungui. Kabla ya hapo kulikuwa na wasomi waliofundisha kwamba rushwa ni grisi ya kulainisha gurudumu la serikali, na mimi nilivyoanza hii kazi niliamini hivyohivyo.

Mtu mwingine aliyenisaidia kuelewa ni Robert Klitgaard, msomi aliyeandika sana kuhusu rushwa, huyu aliiweka kama hesabu: ukiritimba, jumlisha uhuru wa mtu kuamua anavyotaka, toa uwajibikaji, jibu lake ni rushwa. Ukiritimba huwezi kuuvunja, ofisi inayotoa hicho kibali ni moja. Uhuru wa afisa nao hauko mikononi mwako. Kilichobaki ni uwajibikaji, na huo wewe mwombaji unaweza kuuongeza, kwa karatasi.

Kwanza usipeleke maombi yenye tundu, pungufu moja la kweli linampa mtu sababu halali ya kukuzungusha mwezi mzima. Ukikabidhi, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, iwe na tarehe na jina la aliyepokea, usiondoke bila hiyo hata wakikuambia siyo lazima. Kama ofisi ina mkataba wa huduma kwa mteja, ule unaobandikwaga ukutani, soma umeandika siku ngapi, halafu siku zikiisha andika barua fupi ya heshima ukitaja tarehe ya ule muhuri. Usimtuhumu mtu. Barua inayotuhumu inajibiwa kwa hasira, barua inayouliza tarehe inabidi ijibiwe kwa tarehe. Na ukiambiwa kuna "malipo ya haraka" usikasirike kwanza, sehemu nyingine hiyo huduma ipo kihalali, uliza inalipwa kwenye akaunti gani na risiti inatoka wapi. Hapo utajua. Wakaguzi wakisema gari halina mafuta ya kuja kukagua eneo lako, omba waandike kwamba ukaguzi umeahirishwa kwa sababu ya usafiri.

Vishoka, wale watu wa kati wasio rasmi, ndo hatari ambayo watu hawaioni. Mtu anasema mimi sijatoa rushwa, nimemlipa kijana ananifuatilia, yeye anajua atakavyofanya. Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Rushwa wa mwaka 2003, kifungu cha 15, unagusa anayetoa na anayepokea, moja kwa moja au kwa kupitia mtu mwingine. Kama una mbia au mnunuzi wa nje pia kuwa makini, sheria ya Marekani ya 1977 ya kuzuia rushwa nje ya nchi iliacha upenyo kwa malipo madogo ya kuharakisha kazi za kawaida kwa maafisa wa nchi za nje, ile ya Uingereza ya 2010 haikuacha. Ila ukitishiwa usalama wako, umezuiliwa sehemu na watu wanataka hela, toa uondoke salama, kisha andika kila kitu siku hiyohiyo na utoe taarifa.

Kodi ya pango inasoma huku biashara imefungwa, najua inavyouma, nimekaa na watu wanalia kwenye benchi za kusubiri. Juzi nilikuwa na mmoja, afisa anamwambia kwa mara ya nne "kuna vitu havijakaa sawa". Nikamwomba kwa upole, mkuu, tuandikie hapa vitu gani ili tuvirekebishe, nikamsogezea kalamu. Alikaa kimya, akapekua faili lote taratibu, akaandika mstari mmoja: ukurasa wa ramani hauna sahihi ya mchoraji. Nikaangalia, kweli haikuwepo. Tukasainisha mchana uleule tukarudisha, na safari hii tulikuwa na karatasi yenye mwandiko wake.